Fungua

Mstari wa manjano umejikunja kama kiwavi
chini ya neno nililoliandika kwa mkono wangu: fungua.
Mkaguzi wa msimbo hapigi kelele,
ananong'ona tu pembeni mwa skrini:
jina hili lina mwenyewe.

Saa nne usiku, Ghubra. Kiyoyozi kinakohoa.
Biju wa zamu ya usiku kalala juu ya zulia na viatu vyake.
Nimebaki mimi na maktaba ya maji,
kazi ya falaji ya kule Ibra: lango la chuma, mota, kihisi,
na hisa zilizorithiwa robo ya robo,
hata kuna bibi mmoja mwenye dakika saba
na msikiti wenye nusu saa.

Lugha ya kompyuta ilizaliwa na fungua yake.
Hufungua faili, basi, haina makuu.
Nikaja mimi na fungua yangu, ya kuinua lango.
Mwezi wa Rajabu nikaivuta maktaba nzima kwa mkupuo,
kama mtu anayemwaga kabati kitandani atafute soksi moja.
Manjano niliiona.
Nikasema, rangi tu hiyo, ingekuwa nyekundu ningeshtuka.

Alfajiri programu ikataka kusoma daftari la zamu.
Ikaita fungua.
Ikaja yangu.
Lango likapanda, na maji ya Bi Shinuna,
dakika zake zote saba,
yakaenda kunywesha mitende ya watu wasiohusika.
Wakili wa falaji akanipigia simu sijanawa uso:
"We binti! Daftari lako limelowesha shamba la bin Muhanna!"

Tangu hapo manjano naiheshimu.
Kuheshimu, lakini, si kupiga magoti.

Zahran, kijana wetu mpya, anasema kizime,
kikaguzi chenyewe kina wasiwasi kama mama mkwe.
Mwenzake anataka tulibatize upya:
fungua_lango_la_maji_la_falaji,
jina refu hilo, ukifika mwisho umeshasahau ulichokuwa unafungua.

Nikawasimulia nyumba yetu, Al-Khoud.
Zuweina tuko watatu chini ya dari moja.
Ukiita "Zuweina!" kutoka jikoni
bibi ndiye anayeitika, hata kama chai si yake,
maana jina alikuwa nalo kabla yetu sote
na masikio yake bado mazima.
Hakuna aliyelizima jina. Hakuna aliyelibadilisha.
Mama aliongeza ubini tu:
Zuweina binti Nassor, simu yako.
Zuweina binti Khalfan, umekunywa dawa?
Na mdogo, anayejificha nyuma ya pazia, naye ana wake.

Basi nimefuta ule mkupuo.
Sasa naandika maji.fungua,
na nukta ile katikati, jamani, ndiyo "binti".
Fungua kavu nimewaachia mafaili, wenyewe wa kale.

Umebaki mstari mmoja ndani ya maktaba,
pale jina langu linapozaliwa.
Hapo onyo halitoki, na lina haki yake.
Nimelinyamazisha hapo tu, si nyumba nzima,
na kando yake nimeacha maneno
kwa atakayekuja nikiwa sipo:
Nimeona. Ni kusudi. Usivute yote. Z.

Nikadhani nimemaliza. Nikatafuta funguo za gari.
Faili la tisa, chini kabisa, manjano nyingine:
jumla.
Mtu kaiita hesabu yake ya lita jumla,
na jumla ya asili, ile ya kujumlisha, imekaa kizani
ikijibu kwa sauti isiyo yake.
Nani huyu asiye na adabu?
Naangalia tarehe, naangalia jina la mwandishi.

Biju anageuka ubavu wa pili.
Naweka funguo mezani.